Nani wa Tatu?

Belkisa aliingia maktaba Alhamisi ile akiwa na furaha tele moyoni. Kila alipopita mlango wa vioo alikuwa na kawaida ya kutazama chini, si kwa aibu bali kwa majivuno. Vigae vya sakafu ile alivipanga yeye na ami yake, kuanzia ukumbini, kupita kona ya watoto, mpaka vyooni, na hata leo angeweza kukuonyesha ni kipi kilichompasukia mkononi. Hapo ndipo alipokuwa amepiga magoti, uso umejaa vumbi la saruji, siku kijana mmoja mrefu mwenye kasha la vitabu begani alipomwomba njia.

"Pita, kama una mabawa," alimjibu bila kuinua kichwa.

Kijana hakuwa na mabawa. Aliliweka kasha chini, akalikalia, akasema atasubiri saruji ikauke. Huyo ndiye Tilen, dereva wa basi la vitabu, lile linalopanda vijijini kuwapelekea watu riwaya na magazeti karibu na milango yao. Mpaka saruji inakauka walikuwa wameshajuana majina. Mpaka maktaba inazinduliwa, mji mzima wa Zabreg ulikuwa umeshajua kwamba mtoto wa Bi Rozalija amekufa ameoza kwa fundi wa vigae kutoka Bosnia.

Na Bi Rozalija akasema hapana. Alikuwa mjane mwenye shamba la hopsi, maua ya kutengenezea bia, juu ya mji, mwanamke wa maneno machache, na hilo moja alilirudia kwa miaka miwili. Sababu zake alizihesabu vidoleni. Kwanza, yule wa vigae hali soseji zake za nguruwe. Pili, ana mikono ya kiume. Tatu, na hii aliisema akiwa ametazama dirishani, siku moja atamfungasha Tilen na kuondoka naye kwenda kwao, na yeye atabaki na mbwa.

Kisha, mwezi uliopita, mambo yakageuka. Belkisa alijikaza, akapiga simu mwenyewe kuuliza kama wanaweza kufika Jumapili. Kwa Kislovenia chake cha kuungaunga alisema kwamba wanakuja.

"Mnakuja?" Bi Rozalija aliuliza, kwa sauti ambayo Belkisa hakuwahi kuisikia.

"Tunakuja."

"Basi njooni. Njooni mapema. Ngazi zangu zina utelezi, ushike ukuta."

Jumapili ile Belkisa aliwekewa mto mgongoni. Alipewa supu ya kuku yenye tambi nyembamba, akaongezwa, na Tilen alipotoka kumlisha mbwa na mama mtu akauliza kama inatosha, Belkisa alisema, "Tumeshiba sana, ahsante," na Bi Rozalija akafuta jicho kwa ncha ya aproni. Tangu hapo kila Jumapili ikawa hivyo. Belkisa hakuuliza kilichombadilisha mama wa watu. Ukipewa heri baada ya dhiki ndefu huanzi kuichunguza kwenye mshono.

Kwa hiyo Alhamisi ile alikuja kwenye saa ya mazungumzo, pale wageni wanapozunguka meza wakinywa chai ya maua ya mti wa mlinde na kujifunza lugha ya mji, huku akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Kijana mmoja alikuwa anarudisha mashine ya kutoboa ukuta kwenye rafu ya vifaa vya kuazima. Nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia mabinti wawili walikuwa wanaimba bila kusikika. Darinka, mkutubi mwenye miwani ya kamba, alimwona tangu mbali, akaja na kumvuta mkono mpaka nyuma ya rafu za mapishi.

"Hongera, binti."

"Ya nini?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi nimekufundisha 'habari za asubuhi', leo unanificha?"

"Da Darinka, sikuelewi. Ni Kislovenia changu au?"

Darinka akamgeuza mabega, akamwelekeza kwenye chumba cha ushonaji. Nyuma ya kioo, peke yake kwenye cherehani namba moja, alikuwa ameketi Bi Rozalija, miwani puani, tepu ya kupimia shingoni. Alikuwa anaunga vipande vya vitambaa vya rangi rangi kuwa kitu cha mraba. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo. Hakingetosha kufunika mtu mzima, hata miguu.

"Anakuja kila siku," Darinka akasema. "Mwanzo aliiogopa ile mashine, inavyowaka taa. Sasa anawafundisha wenzake. Anacheka, unasikia? Rozalija anacheka. Ametuambia tusikwambie, ni siri mpaka imalizike, lakini mimi uso wangu hauwezi siri."

"Anashona nini?"

"Blanketi la mtoto wenu."

Belkisa alicheka. Alicheka kweli, mkono kifuani, akijua kuna mzaha na utamfikia. Kisha akaona Darinka hacheki.

"Mtoto gani?"

"Belkisa." Darinka alishusha sauti. "Ulimwambia nini Rozalija kwenye simu? Sema vilevile, kwa Kislovenia."

"Nilisema tunakuja Jumapili. *Pridemo*."

"*Pridemo*. Nani na nani?"

"Mimi na Tilen."

"Na nani wa tatu?"

"Hakuna wa tatu."

Darinka akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mungu wangu. Binti, watu wawili hawasemi *pridemo*. Wawili ni *prideva*. Sisi tuna namna ya kusema wengi na tuna namna nyingine ya wawili tu, wawili peke yao. Nimewafundisha mwezi wa kumi, ulikuwa umekwenda harusi kwenu. Ukisema *pridemo*, mko watatu au zaidi. Rozalija anajua wewe na Tilen hamna mwingine wa kuja naye. Akahesabu."

"Akahesabu," Belkisa akarudia.

"Shukuru. Kwa neno lile mngeweza kuwa hata kumi. Angekuwa anashona mablanketi manane."

Sasa yote yakampitia mbele ya macho: mto, supu, ngazi zenye utelezi, na ile "tumeshiba" yake aliyoipigilia msumari mezani. Kicheko kikamkauka mdomoni. Kule nyuma ya kioo Bi Rozalija alinyoosha kazi yake, akaitazama kwenye mwanga, akaipapasa mara moja kwa nyuma ya mkono namna mtu anavyompapasa mtoto shavu. Belkisa akageuka asione zaidi.

"Tilen yuko wapi?" aliuliza.

Tilen alikuwa uani, anapakia basi. Belkisa alipanda ngazi za basi bila kubisha, akamkuta kati ya rafu mbili, mikono imejaa riwaya. Alipomwona, uso wake ulilegea kama ulivyolegea kila mara kwa miaka miwili, na kwa dakika nzima Belkisa alisahau alichokuja kusema. Kulikuwa na nafasi ndogo mle ndani. Ukisimama na mtu kwenye basi la vitabu, umesimama naye kweli.

"Umekuja kuazima?" Tilen alinong'ona.

"Nimekuja kukwambia wewe ni baba."

Riwaya zilianguka. Belkisa akamweleza haraka, kabla moyo wa mwenzake haujasimama, na Tilen akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, akifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"*Pridemo*," alisema. "Ee mama yangu. Ndiyo maana ameniuliza kama nina uhakika na breki za gari."

"Tunamwambia saa ngapi?"

Kicheko cha Tilen kikapungua kidogo kidogo. Akaokota riwaya moja, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Beli, leo asubuhi ameimba. Tangu baba afariki sijamsikia. Ameimba akikaanga mayai."

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Amekaanga kwa mafuta ya alizeti. Mafuta ya nguruwe ameyatoa nyumba nzima. Anasema mjukuu asije akagombaniwa na mbingu mbili; nami nikadhani ni wa siku za usoni." Alimshika mkono, ule mkono wenye ngozi ngumu, akaugeuza na kuubusu kiganjani. "Tusimwambie. Tufunge ndoa haraka. Mtoto si atakuja tu? Atakuwa amechelewa kidogo."

"Amechelewa kidogo. Tilen, mimba haiendi kwa ratiba ya basi lako."

"Nasema tu, mwache afurahi."

"Na mimi nikae pale nimeshika tumbo tupu? Kila akinijazia bakuli nijue kwamba supu si yangu? Nikipunguza mwendo kwenye ngazi, naigiza. Nikibeba ndoo, nimekosea. Mimi nataka mama yako anipende mimi, au basi asinipende, lakini nijue."

"Miaka miwili hakutaka hata kukutaja, Beli. Ukimwambia leo hatarudi pale alipokuwa, atakwenda mbali zaidi. Namjua."

"Twende pamoja. Sasa hivi, yuko hapo chumba cha ushonaji."

Tilen alitazama saa. Aliitazama muda mrefu kuliko saa inavyostahili.

"Wananisubiri juu kule. Wazee wamesimama barabarani. Nikirudi jioni, tutazungumza."

"Ukirudi utasema kesho."

"Beli..."

"Siku ile ulikaa juu ya kasha ukangoja saruji ikauke. Nikasema moyoni, huyu ana subira, huyu ananifaa. Kumbe si subira. Ndivyo ulivyo. Unangoja mpaka jambo likauke lenyewe."

Alijutia maneno yale kabla hajamaliza kuyasema, lakini hakuyarudisha. Tilen akawa mweupe. Macho yao yalishikana, yale macho ya kijivu aliyoyapenda kuliko kitu chochote cha nchi ile, na kama angesema neno moja tu, hata jina lake, Belkisa angemwangukia kifuani. Hakusema. Belkisa akashuka. Nyuma yake injini iliwaka, basi likatoka uani taratibu, likageuka kuelekea daraja la mto Savinja.

Darinka alimkuta ukumbini amesimama juu ya vigae vyake, hajui aende wapi.

"Nataka kuingia kule," Belkisa alisema. "Kabla sijaogopa."

"Huwezi kuingia hivi hivi, chumba ni cha waliojiandikisha." Darinka alikuwa tayari amekaa kwenye kompyuta, anaandika. "Nimekuwekea cherehani namba mbili mpaka saa kumi na moja. Nenda. Mimi nitawashika hawa wengine kwenye chai."

Bi Rozalija alipomwona aliingiza kazi yake chini ya meza haraka, kisha akaona haina maana, akaitoa.

"Nani amekwambia? Darinka. Bila shaka ni Darinka. Kaa, usisimame. Leo hukubeba mifuko ya saruji?"

"Nilibeba miwili."

"Miwili. Huyo ami yako nitakwenda kwake mwenyewe." Akamsogezea kiti kwa mguu. "Haya, kwa kuwa umeshaona, tazama. Ni mashati ya marehemu mume wangu, Franc. Hili la buluu alikuwa analivaa mavuno. Hili la mistari alinunua kwa harusi ya dada yake, akasema linambana shingo, hakulivaa tena. Yalikuwa kabatini miaka yote. Siwezi kuyatupa, siwezi kumpa mtu. Cherehani yangu ya nyumbani imekufa, Tilen akasema huku zipo, za bure, unaomba saa yako tu. Nikasema mimi niende kukaa na mashine yenye kioo mbele za watu? Sasa nisipokuja siku moja, wananipigia simu."

Belkisa alitazama mashati yale yaliyokatwa. Yangekuwa mazima angalau, aliwaza. Alisikia sauti ya Tilen ikimwambia amwache afurahi, na kwa mara ya kwanza aliielewa.

"Bi Rozalija, ile simu niliyopiga. Nilikosea neno."

"Neno gani?"

"Nilisema *pridemo*. Nilitaka kusema *prideva*."

Mguu wa Bi Rozalija ulitoka kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. Hakuhitaji maelezo, ilikuwa lugha yake.

"*Prideva*," alisema polepole. "Wawili."

"Wawili tu."

"Na ulipomwaga divai yangu kwenye chungu cha maua?"

"Sinywi divai. Sijawahi. Niliona aibu kukataa."

"Na kusinzia kila Jumapili baada ya chakula?"

"Tunaweka vigae kwenye shule mpya. Nachoka."

"Na hilo tumbo? Nimeliona kwa macho yangu, linakua."

"Ni supu yako, Bi Rozalija."

Mahali pengine, siku nyingine, wote wawili wangecheka. Bi Rozalija alilikunja blanketi mara mbili, akaliweka mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili.

"Toka," alisema.

Belkisa alitaka kutoka. Miguu ilikuwa tayari. Lakini alijua kwamba akiuvuka mlango ule, hakuna Jumapili itakayomrudisha.

"Nimejiandikisha namba mbili mpaka saa kumi na moja," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Rozalija aligeuka, akasoma jina kwenye kioo kidogo kinachowaka cha mashine ya pili. Lilikuwepo, limeandikwa sawasawa. Alikuwa mwanamke ambaye maisha yake yote hajavuka barabara taa ikiwa nyekundu.

"Basi shona," alisema. "Umejiandikisha kushona, shona. Usiseme na mimi."

Belkisa hakuwahi kushona hata kifungo. Alichukua kipande cha kitambaa kwenye kikapu cha mabaki, akachagua uzi, akaupitisha palipoonekana kuwa na tundu. Akakanyaga pedali. Cherehani ilinguruma, ikameza kitambaa, ikakwama. Akakivuta. Akaanza tena. Safari hii uzi ulifanya kiota chini ya sindano. Pembeni yake Bi Rozalija alikuwa ameangalia ukuta, shingo imekakamaa, lakini masikio yake yalikuwa yanaumia. Ungeweza kuyaona yanaumia.

"Uzi wa juu hujaupitisha kwenye ndoana," alisema kwa ukuta.

"Ndoana gani?"

"Hiyo. Si hiyo. Hiyo ya kushoto."

"Hii?"

"Utaivunja mali ya umma." Bi Rozalija alinyanyuka, akaja, akamsukuma mkono pembeni, akaupitisha uzi kwa mwendo mmoja. Hakurudi kwenye kiti chake. Alibaki amesimama nyuma yake. "Tilen anajua?"

"Amejua leo."

"Akasema nini?"

Belkisa aliinamia sindano.

"Akasema mnyamaze," Bi Rozalija akajijibu. "Namjua yule. Alikuwa akivunja bakuli anaficha vipande nyuma ya jiko, anasema atanieleza kesho. Baba yake vilevile." Alivuta pumzi. "Na wewe kwa nini hukunyamaza? Ulikuwa umeshaingia. Ungekaa kwangu kama malkia mpaka mambo yajipange yenyewe."

"Kwa sababu niliipenda ile supu," Belkisa alisema. "Nyumbani kwa ami tunakula tumesimama. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, hakuna mtu aliyewahi kuniwekea mto. Niliipenda sana, Bi Rozalija. Leo nimejua haikuwa yangu."

Mabinti wa chumba cha kurekodia walitoka wakicheka, wakapita ukumbini, wakaenda zao. Bi Rozalija aliwafuata kwa macho mpaka mlangoni.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto hana meno." Alisema hivyo kwa hasira, kama mtu anayegombana na nafsi yake. "Nilipika kwa ajili yake, sawa. Lakini niliyemwona anakula ni wewe. Umekula bakuli mbili, ukafuta na mkate. Tangu Franc aondoke, pale mezani watu wanadonoa. Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Nikajiambia ni mjukuu." Alikaa kwenye ukingo wa meza. "Kumbe tulikuwa wawili tu mezani na mtu mmoja ana njaa."

Belkisa hakuthubutu kugeuka.

"Na Bosnia?" Bi Rozalija akauliza. "Lini unamchukua?"

"Bosnia nikafanye nini? Nusu ya vyoo vya mji huu nimeviweka mimi. Vikipasuka nani ataitwa?"

Kilichotoka kwa Bi Rozalija kilianza kama kikohozi. Alijaribu kukizuia kwa kitambaa, kikamshinda, kikawa kicheko, na kicheko kile kikampata na Belkisa, wakacheka wameshikilia meza ileile, huyu analia kidogo na yule analia kidogo, mpaka Darinka akachungulia kwenye kioo na kurudi kwenye chai yake ameridhika.

"Nimewaambia watu," Bi Rozalija alisema alipopata pumzi. "Kijiji kizima. Nimemwambia padri. Nitamwambia nini sasa?"

"Mwambie ilikuwa sarufi."

"Sarufi." Alifuta macho. Kisha akalitazama lile blanketi, akalikunjua, akaukagua mshono wa mwisho, akalikunja tena na kulitia mfukoni mwake. "Hii itakaa. Kitambaa hakiozi. Lakini nisikilize: kuanzia leo neno lolote usilolijua vizuri, uliza kwanza. Mimi nina moyo mmoja."

"Ndiyo, Bi Rozalija."

"Simama."

"Kuna nini?"

"Simama, nimesema. Mwezi wa tano chumba hiki kinajaa, wasichana wote wanashona nguo za mahafali. Nikitaka namba moja lazima niombe leo." Alifungua mlango kwa bega. "Darinka. Niandikie namba moja, mwezi wa nne wote. Asubuhi na jioni."

"Wote? Unashona nini, hema?" Darinka aliuliza kutoka mezani.

"Nguo ya harusi. Na huyu ana mabega, si ya kununua dukani."

Tepu ilishuka shingoni. Belkisa alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi, na Bi Rozalija akamzunguka na pini tatu mdomoni, akimgusa hapa na pale, akinung'unika. Mgongo. Kiuno. Inua mkono. Shusha mkono. Hakuna mtu aliyewahi kumshika kwa uangalifu namna ile bila kumtaka kitu.

Hapo ndipo vishindo viliposikika ukumbini, vya mtu anayekimbia mahali pasipokimbiliwa. Tilen alitokea mlangoni, kofia na ufunguo wa basi mkononi. Alikuwa amefika darajani, akageuza basi zima katikati ya barabara mbele ya lori la maziwa.

"Mama," alisema, na hakutazama tepu, hakutazama pini, alikuwa na hotuba yake na aliogopa itamtoka. "Mama, mtoto hayupo. Hakuwahi kuwepo. Beli alitaka kukwambia na mimi nikamwambia tunyamaze. Kosa ni langu. Ukinifungia mlango nitalala kwenye basi, lakini harusi itakuwepo, na yeye ndiye nitakayemwoa, awe na mtoto au asiwe naye."

Belkisa alimtazama. Ilikuwa hotuba mbaya, imepangwa ovyo, na hakuwahi kusikia nzuri kuizidi.

"Na wasomaji wako?" Bi Rozalija aliuliza kupitia pini.

"Wanasubiri."

"Kwenye baridi hii. Wazee wa watu." Akamkabidhi ncha ya tepu. "Shika hapa, begani. Halafu urudi kazini. Begani, nimesema, usimtazame usoni, utanipotezea kipimo."

Tilen alishika. Pumzi yake ilikuwa bado ya mtu aliyekimbia. Bi Rozalija alivuta ncha nyingine mpaka chini kwenye vigae, akapiga goti kwa shida, akasoma namba.

"Na wewe usitikisike," alisema kutoka chini.

Belkisa hakutikisika. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, yakadondoka kwenye sweta, na hakuthubutu kuinua mkono kuyafuta.